Sweta za Wenzake

Mama Sabuni hakuja kugombana. Alikuja kuomba. Alisimama mlangoni mwa kile chumba cha mbele ambacho fundi cherehani alikuwa amekigeuza karakana, akapangusa miguu kwenye gunia kabla hata hajaambiwa karibu. Alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za watu, jina lake lilitokana na kazi hiyo, na vidole vyake vilikuwa vimepauka na kukunjamana.

"Samahani, fundi. Naona una mgeni."

"Huyu mteja tu. Pita, mama."

Mteja alikuwa mke wa mwenye duka la saruji. Alisimama katikati ya chumba amenyoosha mikono kama mtu anayepekuliwa, huku fundi akimzungushia tepu kiunoni, pini mbili amezibana midomoni. Kitambaa alichokuja nacho kilikuwa cha bei, na kazi ilikuwa kubwa: gauni lake na magauni ya dada zake watatu. Fundi alikuwa ameshaanza kuipigia hesabu ile hela ya utangulizi. Kesho Jumamosi wifi yake angekuja kuchukua malipo ya mkopo wake, na ndani hakukuwa na kitu.

"Nilikuwa nauliza," alisema Mama Sabuni, "kama huna sweta ya shule ya zamani, ile ya kijani. Hata iwe imechakaa. Binti yangu amepoteza yake, na mpya pale dukani..." Akacheka kidogo. "Ile bei ukitajiwa tu unapata joto, huna haja ya kuivaa tena."

Fundi alicheka na pini zake. "Angalia pale nyuma, kwenye zile nguo zilizosahaulika. Wenyewe wengine wamehama, wengine wamenenepa. Ukiona inayomfaa chukua, usinilipe."

Mama Sabuni alishukuru mara tatu, akaenda kwenye bomba lililotundikwa nguo ukutani. Alichambua moja moja kwa adabu, kama anayeogopa kuzichafua. Kisha mikono yake ikasimama. Fundi akageuka kumwangalia.

Alikuwa ameshika sweta ya kijani, amekiinua kiwiko cha sweta kwenye mwanga wa dirisha. Kiwiko kilikuwa kimeshonewa kwa uzi wa bluu.

"Huu uzi nimeshona mimi," alisema.

"Unasemaje?"

"Nimeshona mimi, kwa mkono wangu. Wa kijani ulikuwa umeniishia." Sauti yake ilianza kupanda. "Fundi, hii ni sweta ya mwanangu. Nimempiga kwa ajili ya hii sweta! Nimempiga mtoto anakohoa!"

Chini ya ile moja kulikuwa na nyingine mbili, za kijani vilevile, zimefichwa ndani ya koti la mwanamume ambaye hakurudi tangu mwaka juzi. Mama Sabuni alizitoa zote akazitupa juu ya meza ya kukatia, juu ya kile kitambaa cha bei.

"Nani anakuletea? Siku hizi unanunua nguo za wizi? Za watoto?"

"Mama, naapa sijawahi kuziona."

"Ziko ukutani kwako hujaziona? Zimetembea zenyewe?"

Mke wa mwenye duka alishusha mikono. Alikitoa kitambaa chake chini ya zile sweta kwa ncha za vidole, akakikunja, akakirudisha kwenye mfuko.

"Naona mna maongezi. Nitapita siku nyingine."

"Lakini dada, nimeshakupima. Nimebakiza mabega tu."

"Mabega yangu yapo, fundi. Hayaendi popote." Akatoka, na hela ya utangulizi ikatoka naye.

*

Fundi na mumewe walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa darasa la tano. Baba yake alimbandika jina la Mhasibu tangu alipokuwa mdogo, kwa sababu alikuwa akitumwa dukani na kurudi na chenji kamili, halafu anamweleza mwenye duka alikokosea. Baba alipenda kuisimulia habari hiyo kwa wageni. Mtoto alipenda kuisikia.

Siku hiyo alirudi kutoka shule akamkuta mama yake amesimama kando ya meza na Mama Sabuni amekaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mgeni.

Mama Sabuni hakuitikia.

"Hizi sweta zimefikaje hapa?" aliuliza mama yake.

Mhasibu aliziangalia. Hakushtuka kama mtoto aliyeiba. Alionekana kama mfanyabiashara aliyekuta mtu amegusa bidhaa zake.

"Ni za rehani."

"Za nini?"

"Rehani, mama. Mtu akishindwa kulipa anaweka kitu. Akilipa anapewa chake. Sijaiba, muulize Kidoti mwenyewe. Tulikubaliana."

Kidoti ndiye binti wa Mama Sabuni, mwenye alama ndogo nyeusi juu ya mdomo.

"Mlikubaliana nini na mwanangu?" aliuliza Mama Sabuni, taratibu sana.

"Alichukua mia mbili anunue bikari ya hisabati. Kwa hiyo kila Ijumaa analeta hamsini, mpaka siku atakayoleta ile mia mbili yote kwa pamoja."

"Na ameshaleta hamsini ngapi?"

"Nyingi. Tangu shule zilipofunguliwa. Wiki ile alipokosa ndiyo akaweka sweta."

Mama Sabuni alimgeukia fundi. Hasira ilikuwa imemtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. "Hela ya kula mapumziko nampa kila siku. Kila siku anarudi anakomba sufuria. Nikasema huyu mtoto ana minyoo." Alijipiga paja kwa kiganja. "Fundi, nimemnunulia dawa ya minyoo! Nimemkamata pua akainywa!"

Fundi alinyanyua mkono ili ampige binti yake, na mkono ukabaki hewani. "Nani kakufundisha mambo haya? Sema! Nani?"

Mhasibu alikunja uso. Kweli hakulielewa swali.

"Si shangazi? Baba ndiye aliyesema nimtazame shangazi anavyofanya. Alisema yule ndiye mwenye akili ya hela kwenye ukoo wetu."

Mama Sabuni alisimama, akaichukua sweta ya mwanawe, akaikung'uta kana kwamba ilikuwa na vumbi. Mlangoni aligeuka.

"Mtaani wanasema wewe ni mtu mzuri, fundi. Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo."

*

Baba aliitwa Fundi Baridi, kwa sababu alitengeneza majokofu, na pia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amepandwa na hasira. Alirudi jioni na begi la vifaa begani, akaoga, akaketi mezani. Aliposikia neno rehani likitoka kwa mkewe alicheka. Aliposikia habari za dawa ya minyoo aliacha kucheka.

"Lete hizo hela," alimwambia binti yake.

Mhasibu alileta kopo la maziwa ya unga. Baba alimimina sarafu na noti zilizokunjwa juu ya meza, akazipanga. Akazihesabu. Alihesabu tena. Kisha akamtazama mkewe, na mkewe akajua anachotaka kusema kabla hajafumbua mdomo.

"Zinatosha malipo ya kesho," alisema Baba. "Na kidogo inabaki."

Kwenye kona ya karakana, mlango ukiwa wazi, mashine ya ovaloki ilionekana imefunikwa kwa khanga. Hiyo ndiyo iliyoziba kingo za nguo zisifumuke, ndiyo iliyomfanya Mama apate kazi za wateja wa maana, na ndiyo waliyoiweka dhamana kwa dada yake Baba, siku ambayo Baba alihitaji mtaji wa vipuri vya jokofu la mwenye bucha. Jokofu lilitengenezwa, nyama ikaganda vizuri, na mwenye bucha mpaka leo alikuwa akisema kesho. Dada yake Baba naye alikuwa amesema neno moja tu: wakikosa mara ya tatu, anaichukua. Walikuwa wameshakosa mara mbili.

"Ni hela za watoto hizi," alisema Mama, lakini sauti haikuwa na nguvu. Macho yake yalikuwa kwenye ile khanga.

"Hatuzili. Tunazipitisha tu kwa dada, mwisho wa mwezi tunazirudisha. Nani atajua?"

Mama hakujibu. Alijikuta akitamani mumewe aendelee kusema, amshawishi zaidi kidogo.

Baba alichukua kule kunyamaza kuwa ruhusa. Alimgeukia binti yake akatabasamu. "Mwanangu, nikopeshe."

"Mpaka lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Mhasibu alifikiri, macho juu, midomo ikicheza. "Kwa hiyo ni hamsini kwa kila mia mbili, kila wiki. Na utaweka nini?"

"Kuweka nini tena?"

"Rehani. Weka simu."

Baba alicheka, akamtazama mkewe ili wacheke wote. Mkewe hakucheka. Mtoto pia hakucheka. Alikuwa anasubiri.

"Mimi baba yako!"

"Najua, baba. Lakini shangazi umemkosesha mara mbili. Mtu anayekosesha unamwomba kitu kwanza, la sivyo anakuzungusha."

Alisema bila jeuri, kwa sauti ileile ya kumweleza mwenye duka alikokosea. Simu ilikuwa mezani, kando ya sahani. Baba, bila kujua anafanya nini, aliifunika kwa kiganja.

Alikiona kiganja chake mwenyewe pale juu. Akakiondoa polepole.

Mama aliinuka, akazikusanya zile hela kwa mkono mmoja akazirudisha ndani ya kopo. "Kesho hizi zinarudi kwa wenyewe. Kila kilichozidi. Na zile sweta mbili."

"Na mashine?" aliuliza Baba.

"Ataichukua."

"Unajua unachosema? Bila hiyo utarudi kushona viraka na zipu."

"Ninayeitumia ni mimi. Najua."

Hapo ndipo Mhasibu alipolia. Alilishika kopo kwa mikono miwili. "Ni zangu! Nimezipata mimi! Walikuja wenyewe, sikumlazimisha mtu!"

"Hakuna aliyesema umelazimisha," alisema Mama, akaketi karibu naye. "Nakuuliza kitu kimoja. Wakati wa mapumziko, ulikuwa unaona Kidoti hali?"

Mtoto alivuta kamasi. "Nilikuwa naona."

"Ukawa unafanyaje?"

Mtoto aliliinamia kopo.

"Nilikuwa nakaa upande mwingine."

Mikono yake ililegea kwenye kopo, ingawa hakuliachia. Baba alivuta kiti akakigeuza, akatazama ukutani. Akasema, bila kumwelekea yeyote, "Mimi ndiye niliyemwambia amtazame dada. Nilidhani namfundisha."

*

Shangazi alikuja asubuhi na vijana wawili na mkokoteni, maana hakuwa mtu wa kupoteza safari. Aliuza vyombo na samani zilizotumika, na alikuwa mpole siku zote. Aliketi kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, akawauliza wote hali zao, akataka kujua kama mgongo wa wifi yake umepata nafuu. Kisha akasema, "Haya."

"Hatuna, dada," alisema Baba.

"Kabisa?"

Baba hakuwa na mazoea ya kuficha, akamweleza yote. Shangazi alisikiliza huku macho yakizidi kung'aa. Mwishoni alipiga kofi moja la furaha, akamvuta Mhasibu karibu yake.

"Huyu! Huyu ndiye damu yangu! Mimi nilianza nikiwa mkubwa kuliko huyu." Akamgeukia kaka yake. "Na unasema hamna hela? Si hilo kopo? Nileteeni tumalizane, niwaachie mashine yenu. Mnadhani napenda kubeba vyuma?"

"Lile si letu, wifi," alisema Mama.

"Ni la nani?"

"La watoto wa watu."

Shangazi alimtazama. Hakukasirika. Alionekana kumhurumia. "Wifi yangu, nakupenda, kwa hiyo nakwambia. Unamfundisha huyu mtoto kuwa maskini."

Jibu zuri lilimjia Mama siku mbili baadaye akiosha vyombo, wakati ambao halikuwa na faida tena kwa mtu yeyote. Pale alichofanya ni kwenda kwenye kona, kuiondoa khanga, kuchomoa waya ukutani na kuuviringisha vizuri. Aliipangusa mashine kwa kitambaa chenye mafuta, mpaka chini kwenye kile kiguu kinachobana kitambaa, kama alivyofanya kila mwisho wa kazi. Vijana walishika upande mmoja. Baba alishika wa pili.

Majirani wawili walikuwa wamesimama nje. Mmoja aliuliza kwa sauti kama wanahama. Baba akasema hapana, hatuhami, tunadaiwa. Mama alimtupia jicho. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisema neno hilo mbele ya watu.

Mhasibu alimfuata shangazi yake mpaka kwenye mkokoteni. "Tukileta hela, utairudisha?"

"Mkileta zote na za juu yake, kabla sijapata mnunuzi, kwa nini nisirudishe?"

Mtoto aliitikia kwa kichwa. Lugha hiyo aliijua kuliko wote waliokuwa pale, na hakuna kosa aliloliona ndani yake. Lakini alirudi ndani bila kuaga.

*

Baada ya kunywa chai, Baba alivaa shati la heshima akaenda kukaa mlangoni mwa bucha. Alisema leo hataondoka kwa neno kesho. Mama na binti yake walichukua kopo na sweta mbili wakaanza kuzunguka.

Mama alikuwa ameweka sharti: yeye atasimama tu, maneno atasema Mhasibu. Na hakukuwa na karatasi ya kusoma, kwa maana mtoto alikuwa na kila kitu kichwani, nani alichukua, nani alileta, nani alibakiza.

Nyumba ya kwanza, msichana aliinyakua sweta yake akakimbia nayo ndani kabla sentensi haijaisha. Ya pili, bibi mmoja aliwasimamisha juani, akataka arudiwe habari tangu mwanzo, kisha akamwambia Mama kwa sauti ya kufika mtaa wa pili kwamba watu wasio na uwezo wa kulea waache kuzaa. Mama alisema, "Ni kweli tumekosea, bibi," akaendelea kusimama mpaka bibi alipochoka. Mhasibu alitaka kuondoka. Mama alimshika bega, wakabaki. Nyumba ya tatu mtoto alipokea hela zake akazitia mfukoni haraka, akaomba asiambiwe baba yake.

Ya mwisho ilikuwa ya Kidoti. Mama Sabuni alikuwa kazini. Mhasibu alibisha hodi, pazia la dirisha likacheza. Ndani kulisikika mnong'ono, kisha mtoto mdogo wa miaka kama minne akafungua mlango kidogo, akachungulia kwa jicho moja.

"Dada anasema hayupo."

"Mwambie ni mimi."

Kichwa kikapotea. Mnong'ono tena. Kikarudi. "Anasema anajua ni wewe. Anasema Ijumaa haijafika."

Mhasibu alimtazama mama yake. Mama aliangalia barabara.

"Mwambie sijaja kudai," alisema Mhasibu, lakini maneno hayakufika mbali. Akarudia. "Sijaja kudai. Nimekuletea."

Ndani mtu alikohoa, kikohozi kirefu cha kifua, na Mhasibu akakisikia mpaka mwisho. Akatoa hela kwenye kopo, akainama ili aziweke kizingitini.

"Mpe mkononi," alisema Mama. Ndilo neno pekee alilosema pale mlangoni.

Wakasubiri. Kidoti alipotoka alikuwa amevaa ile sweta, ingawa jua lilikuwa kali. Alisimama nyuma ya mlango, mguu mmoja ndani. Alinyoosha kiganja, Mhasibu akaanza kuzipanga humo noti na sarafu, hamsini baada ya hamsini. Kidoti alizihesabu kwa midomo. Hakumwamini, akahesabu tena.

"Na ile mia mbili yako?"

"Ulishailipa zamani. Hizo ni zilizozidi."

"Sasa nitakuletea nini Ijumaa?"

"Hakuna. Yameisha."

Kidoti alimtazama kuona mtego uko wapi. Halafu akafumba kiganja, akarudi ndani, akafunga mlango. Komeo likasikika.

Walitembea mpaka walipoipita pampu ya maji.

"Hata asante hakusema," alisema Mhasibu.

"Akushukuru kwa lipi? Zilikuwa zake."

Mtoto alipiga jiwe teke. Aliendelea kulipiga, hatua kwa hatua, mpaka likaingia mtaroni, na bado alikuwa akiangalia chini.

"Mama, Jumatatu nikimwomba akae na mimi mapumziko, atakubali?"

"Sijui."

"Akikataa?"

"Utakaa peke yako. Jumanne utamwomba tena."

Mhasibu alifikiri, midomo ikicheza kama alivyozoea, akitafuta hesabu yake iko wapi.

"Bila kumpa kitu?"

"Bila kumpa kitu," alisema Mama.